Nagona Si Mgeni Bariadi

Mwalimu mwenzangu alikaa na kitabu changu siku tatu, akakirudisha. Alikuwa amekiomba kwa hamu, maana Nagona ni kitabu adimu huku kwetu, na nakala yangu imepita mikono mingi hadi jalada limelegea. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya shule, karibu na stendi ya Bariadi, tunatafuna michembe na karanga. Akafungua pale alipokunja ukurasa, mwanzoni kabisa, akanionyesha alipokomea. "Ndugu yangu," akasema, "Kezilahabi wa Rosa Mistika namfahamu. Huyu simfahamu. Huyu ni Mzungu anayeandika Kiswahili."

Sikumkasirikia, kwa sababu maneno hayo si yake peke yake. Niliyasikia chuoni kwa watu wenye shahada kunizidi, nimeyakuta katika madaftari ya uchambuzi ambayo wanafunzi hunakiliana, na kila Euphrase Kezilahabi anapotajwa mbele ya walimu wa Kiswahili hakosekani mmoja wa kuyarudia. Hoja yenyewe, nikiieleza bila kuipunguza nguvu, ina mafundo manne. La kwanza ni kwamba Kezilahabi ni waandishi wawili: mmoja wa Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), aliyeandika maisha ya watu, na mwingine wa Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliyewakimbia watu akazama katika mambo ya ajabu yasiyoeleweka. La pili ni kwamba mambo hayo ya ajabu kayaazima Ulaya. La tatu ni kwamba, tangu mwanzo hadi mwisho, anachohubiri ni kukata tamaa. La nne husemwa hasa huku Usukuma: kwamba nchi iliyoumizwa na imani za uchawi haina haja ya vitabu vya miujiza.

Nayakataa yote manne. Nashikilia kwamba mwandishi ni yule yule na swali lake ni lile lile, kwamba riwaya hizo mbili zimetoka katika hadithi tulizolelewa nazo sisi watu wa kanda ya ziwa, na kwamba ndizo zenye matumaini kuliko zote alizoandika. Ushahidi wangu mwingi sitautafuta mbali. Upo hapa hapa Simiyu.

Nianze na hilo la Ulaya, maana ndilo linalobeba mengine.

Mkulima wa pamba wa mkoa wetu anaijua mbegu iliyoandikwa UK. Kulikuwa na UK91, ikaja UKM08. Mgeni akiziona herufi hizo atadhani mbegu imetoka Uingereza. Mkulima wa Dutwa au Ngulyati anajua kwamba UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi, jirani zetu wa Mwanza. Kwamba kilimo cha pamba ya kuuza kilipanuliwa na wakoloni, hakuna anayebisha. Lakini mbegu hizi zimechaguliwa kwenye udongo wa huku, zikapimwa kwa mvua zetu na wadudu wetu. Wasomaji wetu wamemfanyia Kezilahabi kama yule mgeni: wameona herufi, hawakuuliza mbegu ilikuzwa wapi.

Ilikuzwa Namagondo, Ukerewe, alikozaliwa mwaka 1944. Kisiwa hicho na wilaya yetu ya Busega vinagawana maji ya Ghuba ya Speke, na Mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulichukua jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012, unamwaga maji yake katika ghuba hiyo hiyo. Akasoma Seminari ya Nyegezi, ng'ambo ya pili, katika ardhi ya Wasukuma. Kisiwa hicho hicho ndicho kilichomzaa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri hadi 1980 kuiona njiani kuchapishwa kwa tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe. Watu wa kisiwa chenye Kitereza hawakuwa na haja ya kusubiri meli kutoka Ulaya iwaletee usimulizi.

Ni kweli, Kezilahabi aliwasoma Wazungu, tena kwa bidii. Katika Nagona wanafalsafa wa Ulaya wamo, wanapita mbele ya msafiri. Lakini tazama wanachofanya humo. Hawampi jibu. Msafiri anawaona, anawapita, anaendelea na safari yake. Mtu anayemwabudu mwalimu hamwachi njiani namna hiyo. Na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusema msimamo wake: tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Alidai kwamba fasihi yetu isomwe kwa kusimama juu ya misingi yetu ya kufikiri, si kwa mizani iliyoazimwa. Miaka mitano baadaye ikatoka Nagona. Tukimwita mtu huyu mwagizaji wa mawazo ya Ulaya, tunamtuhumu kwa kosa lile lile alilotumia miaka kulipinga.

Isitoshe, tuhuma hii si mpya, na mara ya kwanza ilishindwa. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo walisema hayo si mashairi ya Kiswahili, ni uigaji wa Kizungu. Leo shairi huru linafundishwa katika kila shule ya sekondari kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi, na mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani anaeleza sifa zake bila kutetemeka. Rosa Mistika nayo iliwahi kuzuiwa isisomwe shuleni, na sasa ndiyo kitabu ambacho mwalimu mwenzangu anakitumia kama kipimo cha Kezilahabi "halisi". Mwandishi ambaye tumemkosea mara mbili kwa sauti ile ile anastahili tusite kidogo kabla ya mara ya tatu.

Sasa niseme mbegu yenyewe ni ipi.

Nyumbani kwetu, jioni za Juni na Julai, pamba ikishatoka shambani, tulikaa ukumbini kuitenga. Safi kulia, fifi kushoto. Fifi ni ile iliyochafuliwa na mdudu, au na mvua iliyochelewa, au iliyonasa majani makavu, na bei yake ni ya chini. Koroboi iliwekwa mbali, juu ya kinu kilichogeuzwa, kwa sababu pamba na moto havikai pamoja. Kwa hiyo mwanga ulikuwa hafifu, na bibi hakukubali mtu atenge kwa kutazama. "Ishike, ng'wanawane," alikuwa akisema. Ulilazimika kulibonyeza kila fumba kwa vidole. Vidole vikifanya kazi, masikio yalikuwa huru, na masikio yalikuwa ya bibi.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya Masala Kulangwa. Kila Msukuma wa rika langu anaijua, na mapadre wa Maryknoll waliofanya kazi miaka mingi Usukuma, Donald Sybertz na Joseph Healey, wameiweka katika maandishi. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote duniani. Akapona mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, na jina lake ni Masala Kulangwa: masala ni akili, kulangwa ni kufundishwa. Mtoto akakua, akauliza: mama, mbona tupo wawili tu? Mama akamweleza. Kuanzia siku hiyo mtoto akaanza kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akarudi nyumbani akiimba kwamba ameliua. Mama akamwambia: mwanangu, huyo ni panzi, tumchome tumle. Akaua ndege: hapana, silo. Akaua paa: hapana, mwanangu, huyo ni paa. Kila aliporudi na ushindi, jibu lilikuwa lile lile, na kila mara alitoka tena.

Naomba msomaji asimame hapo kwenye paa. Nagona, katika riwaya, ni jina la paa. Ndiye anayewindwa, anayeonekana na kupotea, ambaye wawindaji hawampati. Wachambuzi wamekubaliana kwamba paa huyo ni ukweli, au maarifa, au maana ya maisha. Sidai kwamba Kezilahabi alikaa mezani akainakili hadithi ya Masala Kulangwa. Hilo siwezi kulithibitisha na silihitaji. Ninachodai ni kwamba umbo la safari ni moja. Kuna kijana anayekuta dunia tupu na kimya, akauliza kwa nini iko hivyo. Anakwenda. Anapata kitu kinachofanana na jibu. Anaambiwa, au anagundua, silo. Anakwenda tena. Anayesema umbo hilo limetoka kwa mwanafalsafa Nietzsche hajawahi kutenga pamba usiku.

Tena si la Wasukuma peke yao. Wasotho wanalo zimwi lao Kholumolumo na kijana Senkatana aliyewatoa watu tumboni. Mzingile inafunguka kwa kuzaliwa kwa ajabu kwa mtoto Kakulu, na hapo napo baadhi ya wasomaji hushtuka kana kwamba wameona kitu kisicho na ukoo. Wanyanga wa mashariki ya Kongo wanaye Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye utendi wake ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuandikwa na Daniel Biebuyck. Hata sauti ya jina Kakulu si ngeni: mzizi -kulu, ambao katika Kiswahili umebaki katika neno "mkuu", ndani ya lugha nyingi za Kibantu unabeba ukubwa na uzee. Mtoto aliyezaliwa na uzee ndani ya jina lake ni mtu tunayemfahamu tangu utotoni.

Vivyo hivyo ngoma. Nagona inaelekea kwenye Ngoma Kuu, na nimesikia mtu akiuliza ngoma inahusiana nini na falsafa. Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu aliyesimama kwenye vumbi baada ya mavuno, makundi ya ngoma ya Kisukuma yakishindana, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, umati ukikimbia kutoka kundi moja hadi lingine kuonyesha nani kashinda. Mbina, yaani ngoma, kwetu si burudani ya kumalizia sherehe. Ni mahali ambapo dawa, akili, ushairi na umoja wa kundi vinapimwa mbele ya macho ya watu wote. Mwandishi aliyetaka kuonyesha ukweli ukitokea hadharani angeuweka wapi pengine?

Na kama kuna anayesema kwamba nchi za kubuni na safari za ajabu hazina mahali katika riwaya ya Kiswahili, basi afute na Shaaban Robert. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea angani, na ndani yake Karama anajitetea mbele ya mahakama kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini. Kufikirika, nchi nyingine isiyo kwenye ramani, imesomwa miaka mingi na vijana wa kidato cha tano na sita. Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya umahiri kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Alijua anarithi nini. Waliofuata nao walijua: Walenisi ya Katama Mkangi, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ni matawi ya mti huo. Katika fasihi yetu riwaya ya ajabu ni mwenyeji mkongwe.

Nageukia fundo la kwanza, la waandishi wawili. Hapa ndipo naona wasomaji wazuri wanapojinyima. Ukizisoma riwaya zote sita kwa mfululizo, unakuta mtu mmoja anayerudiwa kwa majina tofauti: kijana aliyepewa majibu na wakubwa, akagundua kwamba majibu hayatoshi. Rosa alipewa majibu na baba mkali, na shule, na dini. Hakuna hata mmoja wao aliyemweleza ukweli kuhusu mwili wake na dunia inayomngoja. Kazimoto wa Kichwamaji alipewa elimu ya chuo kikuu, akarudi nayo kijijini, akakuta imemtenga na watu wake bila kumpa pa kusimama. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo alipewa fedha na ahadi ya mali. Mamboleo na Mambosasa wa Gamba la Nyoka walipewa ujamaa. Kabla Nagona haijachapishwa kulikuwa na Kaptula la Marx, tamthilia iliyoandikwa miaka ya 1970 ikachapishwa 1999, ambamo Rais Kapera na mawaziri wake wanavaa kaptula isiyowatosha na kuanza safari ya kuitafuta nchi ya Usawa. Safari ya kwenda mahali pasipo kwenye ramani, tayari. Hata Rosa Mistika, kitabu kinachosifiwa kwa uhalisia wake, hakiishii kaburini. Kinavuka hadi mbele ya Mungu, ambako mambo ya Rosa na baba yake Zakaria yanasikilizwa. Mlango wa ajabu ulikuwa wazi tangu kitabu cha kwanza.

Kilichobadilika kati ya 1979 na 1990 ni zana. Swali lilibaki. Kezilahabi alikuwa amelipeleka kwenye familia, kwenye elimu, kwenye fedha na kwenye siasa, na kila mahali alirudi na panzi. Ikabaki kuliuliza lenyewe, bila kuliazima nyumba ya mtu. Kwa kazi hiyo alihitaji usimulizi usiofungwa na kata wala wilaya, na usimulizi huo ulikuwepo.

Fundo la tatu, la kukata tamaa, ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linakaribia kuwa kweli na bado ni la uongo. Ni kweli kwamba riwaya zake za mwanzo zimejaa vifo. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Tumaini anaua na kuhukumiwa kifo. Basi tuulize: wanafia wapi? Wanafia ndani ya uhalisia, ndani ya dunia ambayo majibu yake yamekwisha kugawiwa na hakuna jingine linaloruhusiwa. Kisha fungua zile mbili zinazoitwa za giza. Msafiri anapita katika ukimya, magofu na maangamizi makubwa kuliko yote aliyowahi kuandika Kezilahabi, na hajiui. Anaendelea. Nagona inatufikisha kwenye tarajio la mkombozi wa pili, Mzingile inamchukua msafiri anayepeleka kwa mzee habari kwamba mkombozi huyo amekufa, dunia inateketea, na bado mwishoni wapo mwanamume na mwanamke, na ipo nafasi ya kuanza upya. Mambo ya ajabu ndiyo yaliyomwokoa mhusika wa Kezilahabi. Kile tunachokiita kukimbia ndicho kilichompa mtu wake pumzi.

Kwa nini basi mkombozi afe? Hapo narudi kwa bibi, kwa sababu hadithi yake haikuishia pale zimwi linapouawa. Masala Kulangwa alipolipasua Shing'weng'we, baba yake akatoka, ndugu wakatoka, watu wote wakatoka. Lakini kisu kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Yule bikizee akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Kijana akatafuta dawa, akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi.

Utotoni nilidhani sikio lile ni nyongeza ya kuchekesha. Leo naona ndilo moyo wa hadithi. Wazee wetu walijua kwamba hakuna ukombozi usiojeruhi, na kwamba mkombozi hapimwi kwa zimwi alilolichinja bali kwa namna anavyomtazama aliyeumizwa na kisu chake. Kezilahabi amelizunguka jambo hilo maisha yake yote. Gamba la Nyoka ni kitabu cha sikio lililokatwa: Operesheni Vijiji ilikuja na neno zuri la kuwatoa watu tumboni mwa umaskini, na wazee wa mkoa huu, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa bado ndani ya Shinyanga, wanakumbuka mwaka 1974 nyumba zilivyobomolewa ili watu wahame. Wakombozi wake wanashindwa kwa sababu hakutaka kutudanganya kwamba ukombozi ni wa siku moja na wa mtu mmoja. Kuonya hivyo si kukata tamaa. Anayekuonya kuhusu sikio anataka kazi ya kisu ifanyike vizuri zaidi.

Na hilo sikio ndilo jibu langu kwa fundo la nne.

Tanzania nzima imesikia habari za Gamboshi, kijiji cha wilaya yetu ya Bariadi. Inasimuliwa kwamba usiku hugeuka jiji lenye taa na maghorofa, lisiloonekana na mtu wa kawaida, na kwamba watu waliozikwa wapo humo wakifanya kazi. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji kama sisi, na wamelibeba jina hilo kwa muda mrefu. Najua pia kitu kizito kuliko jina. Najua kwamba katika Usukuma wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi katika majiko yasiyo na dirisha, majiko waliyotupikia sisi. Anayesema tuwe waangalifu na habari za ajabu anazungumza kwa uchungu halali, na uchungu huo ni wangu pia.

Lakini atofautishe uvumi na hadithi. Hadithi ina mlango: msimulizi anafungua, wasikilizaji wanaitikia, na mwisho anafunga, kila mtu anakwenda kulala akijua alikuwa wapi. Uvumi hauna mlango. Unaingia nyumbani kwa mtu na kukaa, na jioni moja unashika panga. Waliowaua bibi zetu hawakutoka kusoma Nagona. Walitoka kwenye uvumi ambao hakuna aliyewafundisha kuuhoji. Na angalieni hadithi yetu inafanya nini na mwanamke mzee anayetuhumiwa kuroga, tena katika hadithi hii tuhuma ni ya kweli, amejaribu kweli. Shujaa ana kisu mkononi, kisu kile kile kilichoua zimwi. Hakitumii. Anatafuta dawa. Kama kila kijana aliyeshika panga usiku angekuwa ameielewa hadithi hii hadi mwisho wake, kuna wanawake ambao wangekuwa hai. Kuwanyima vijana wetu bunilizi za ajabu kwa kuogopa ushirikina ni kuwaachia uvumi peke yake, na kuwanyang'anya chombo pekee kinachofundisha kubeba jambo la ajabu mkononi bila kumdhuru mtu.

Nakubali jambo moja, tena bila kinyongo. Nagona ni kitabu kigumu. Lakini tuseme ugumu wake uko wapi. Hauko kwenye lugha: sentensi zake ni fupi, na maneno yake mengi mtoto wa darasa la saba anayajua. Vitabu vyenyewe ni vyembamba, vyote viwili vinaingia kwenye mfuko wa koti. Ugumu ni ule wa kitendawili, ambao haupungui kwa kamusi. Sisi ni watu wa vitendawili. Tumesahau tu kwamba kitabu nacho kinaweza kuwa kimoja, kwa sababu shule imetuzoesha kwamba kila kitabu lazima kitoe dhamira tano na jumbe tatu kabla kengele haijalia.

Nimejaribu darasani. Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi ya kwenda kuuliza nyumbani hadithi ya Masala Kulangwa. Walirudi nayo kwa namna nyingi. Wa kutoka Itilima na wa kutoka Meatu wakabishana kama baada ya paa anakuja pofu au nyumbu. Ndipo nikawasomea kurasa za mwanzo za Nagona kwa sauti, polepole, bila kueleza kitu. Ukimya ulipoisha, msichana mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "huyu naye anatafuta. Ila hana mama wa kumwambia hilo silo."

Nimesoma uchambuzi mwingi wa riwaya hiyo, na sijaona sentensi iliyoifikia hiyo. Msichana alikuwa amegusa mahali ambapo Kezilahabi anaiacha hadithi ya bibi na kuwa mwandishi wa zama zake. Masala Kulangwa alikuwa na mama aliyelijua zimwi. Msafiri wa Nagona hana. Wanafalsafa hawamwambii, dini haimwambii, vitabu havimwambii. Lazima ajifunze mwenyewe kusema "silo", ajikatalie ushindi wa uongo, atoke tena. Hiyo ndiyo hali ya kijana wa Bariadi leo, aliyeshika simu yenye majibu elfu na hana mtu pembeni wa kumwambia kwamba alichoua ni panzi. Nani atasema kitabu hicho hakimhusu?

Kezilahabi alifariki Dar es Salaam Januari 2020, baada ya miaka mingi ya kufundisha Botswana. Tulimlilia kama mwandishi wa Rosa Mistika. Nusu ya urithi wake tumeitupa kwenye fungu la fifi, na tumeitenga kwa macho, gizani, bila kuishika. Ninachoomba kwa walimu wenzangu si heshima wala sanamu. Naomba jioni moja. Mkusanye watoto, mtafute mzee anayeijua hadithi aisimulie hadi kwenye sikio, kisha mfungue Nagona.

Nakala yangu ipo. Jalada limelegea, lakini kurasa zote zimo. Mwalimu mwenzangu anajua inapokaa.